Tuipime sarafu, tusimvunje aliyeileta

Leo naanza kwa kuungama. Kosa lenyewe halikuzidi mstari mmoja wa maneno, lakini limenikaa moyoni tangu masika yaliyopita.

Nilikuwa Kilwa Masoko kwa wiki mbili, na jumuiya iliyonipokea ilinialika katika kikundi chao cha WhatsApp. Jioni moja kijana wa kazi ya boti, mmoja wa wale wanaovusha wageni kwenda Songo Mnara, alituma picha. Kiganjani mwake kulikuwa na kitu cha duara, chembamba, kidogo kuliko sarafu zetu za leo. Kilikuwa na ukijani wa shaba iliyokaa sana kwenye unyevu, na juu yake palikuwa na mikunjo iliyofanana na maandishi ya Kiarabu.

Nusu saa haikupita, kikundi kikawaka. Mmoja alisema hiyo ni mali, auze kabla serikali haijajua. Wa pili akasema ni kipande cha bati kilichopakwa dawa kipate kuonekana cha zamani. Wa tatu akalalamika kwamba vijana wa boti siku hizi wamekuwa matapeli. Wa nne akamjia juu wa tatu, akisema sisi tumezoea kudharau vya kwetu, na kwamba picha ile ingetoka Ulaya tungeshaamini na kusifu.

Kisha nikaingia mimi. Niliandika kwamba hiyo bila shaka ni sarafu ya Sultani, ila Sultani mwenyewe aliinunua Kariakoo. Watu walicheka sana. Nami nikafurahi, kama anavyofurahi mtu aliyechekesha watu asiowafahamu vizuri. Baada ya dakika chache ikaonekana ile taarifa fupi kwamba kijana yule ametoka kwenye kikundi. Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani.

Siku mbili kabla ya safari yangu ya kurudi nilikaa nikayasoma upya mazungumzo yale kutoka juu. Ndipo nilipoona ambacho sikuwa nimekisoma. Chini ya picha kijana aliwaamkia wazee, akasema kitu hicho amekiona ufukweni baada ya mvua kubwa, akauliza ni kitu gani. Basi. Hakudai kwamba ni cha kale, wala hakutaja bei. Aliuliza swali, na sisi tukamhukumu kwa dai ambalo hakulitoa.

Ndugu zangu, tafakari yetu ya leo inatoka hapo. Kitu kinachosemwa kuwa cha kale kinapowekwa mbele yetu, nasi tuna shaka nacho, tunapaswa kuishi vipi na shaka hiyo? Swali hili si la wataalamu peke yao. Picha za namna hii zinatufikia sote: sarafu, misahafu, misalaba, vipande vya ngozi vyenye maandishi, mifupa. Na kila moja inapofika, ndani ya saa moja huwa tumekwisha kugawanyika.

Kwa wasiopafahamu, Songo Mnara ni kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani. Juu yake yamebaki magofu ya mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye nyumba kubwa na misikiti, mji uliostawi katika karne ya 14 na ya 15. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini, kwa kuwa bahari na hali ya hewa vilikuwa vinayala. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari, baada ya kazi kubwa ya ukarabati ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki.

Mji wa Kilwa ulitengeneza sarafu zake wenyewe. Nyingi zilikuwa za shaba. Za dhahabu zinajulikana chache mno, zenye jina la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Kwa kawaida upande mmoja wa sarafu hubeba jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyotungwa kwa vina ili pande mbili ziitikiane. Nimewahi kuwaza kwamba mtu wa Kilwa alipolipia samaki alikuwa anakabidhi ubeti mzima wa sala mkononi mwa muuzaji.

Lakini sarafu hizo hazikuandikwa mwaka. Ukiwa nayo kiganjani, inaweza kukuambia ina jina la nani. Haiwezi kukuambia ilidondoka lini, wala nani aliidondosha. Kwa sababu hiyo kilichogunduliwa Songo Mnara kina uzito wa pekee. Timu ya wanaakiolojia iliyoongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilichimba pale na kukuta akiba ya sarafu za shaba zaidi ya 300, zilizofukiwa pamoja. Akiba za namna hiyo zilikuwa zimeripotiwa kabla katika pwani yetu, ila taarifa za jinsi zilivyokuwa zimelala ardhini zilikuwa haba mno. Hii ilikuwa ya kwanza ya sarafu za Kilwa kupatikana katika uchimbaji wa kitaalamu, ikiwa bado mahali pake. Kwa sababu hiyo watafiti, katika taarifa waliyoitoa mwaka 2014, waliweza kusema kwamba sarafu zenye jina la Nasir ad-Dunya ni za mwishoni mwa karne ya 14 au mwanzoni mwa karne ya 15.

Tazama ni nani aliyetoa ushahidi. Sarafu peke yake isingeweza. Udongo ulioizunguka ndio uliosema: tabaka lililokuwa juu yake, tabaka lililokuwa chini yake, na vitu vilivyolala jirani nayo. Ukiichomoa sarafu na kuitia mfukoni umemfukuza shahidi wake mkuu. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila leseni, na inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa serikalini. Mwenzetu aliyemshauri kijana auze haraka alikuwa anamshauri avunje sheria, tena aue ushahidi ambao ungeweza kumtetea.

Sasa twende mbali kidogo, maana sarafu za Kilwa zimezua mjadala hata Australia. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa jeshi la anga la nchi hiyo aliyeitwa Maurie Isenberg alikuwa kwenye kituo cha rada katika kisiwa cha Marchinbar, kwenye visiwa vya Wessel vya kaskazini. Aliokota sarafu tisa mchangani akaziweka kwenye kopo. Miaka ikapita. Mwaka 1979 zilipelekwa kutambuliwa. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, na hilo halikuwashangaza wengi. Tano zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa.

Zilifikaje huko, upande wa pili wa bahari? Wapo wanaowaza mabaharia wa Kireno. Wapo wanaowaza wavuvi wa Makassar waliozoea kwenda pwani ile. Wapo wanaowaza meli iliyovunjika. Na wapo wanaosema kwa haki kabisa kwamba huenda zilidondoshwa pale na mtu wa karibuni aliyekuwa amezikusanya kwingine, kwa bahati mbaya au hata kwa makusudi. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza msafara kurudi kisiwani, wakiwa na ramani ambayo Isenberg aliweka alama. Mwaka 2018 kikapatikana kisarafu kingine katika kisiwa cha Elcho, kikadhaniwa kuwa cha Kilwa, nacho kikaongeza maswali. Mpaka leo mjadala haujafungwa.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinatufundisha kutenganisha maswali. Je, sarafu zenyewe ni za Kilwa kweli? Hilo ni swali moja. Je, zilifika pale karne nyingi zilizopita au juzi? Hilo ni la pili. Je, aliyeziokota ni mkweli? Hilo ni la tatu. Unaweza kukubali la kwanza, ukalitilia shaka la pili, na bado usimguse askari yule heshima yake hata kidogo. Sisi kwenye simu zetu huyasokota maswali yote matatu kuwa kamba moja, kisha tunamfunga nayo mtu. Tukikitilia shaka kitu, tayari aliyekileta ni mwongo.

Huenda msomaji mmoja anasema moyoni kwamba haya ni mambo ya sarafu za masultani, Wakristo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwanza kwa sababu Kilwa ni yetu sote. Wengi wa ndugu zetu wa huko ni Waislamu, na urithi ule unabeba sala za mababu zao. Mkristo anayeutania mbele ya watu anagusa kitu kizito kuliko anavyodhani. Mimi nilipofanya utani wa Sultani na Kariakoo sikufikiria hilo hata mara moja.

Pia yanatuhusu kwa sababu nyumbani kwetu wenyewe tumeshatapeliwa. Jumba la Makumbusho ya Biblia lililofunguliwa mjini Washington mwaka 2017 lilikuwa na vipande 16 vilivyosemwa kuwa vya magombo ya Bahari ya Chumvi, yale maandiko ya kale yaliyoanza kupatikana karibu na Qumran miaka ya 1940. Wakristo wengi walivifurahia. Nani asingefurahi kuona neno la Mungu kwenye ngozi ya miaka elfu mbili? Lakini wanazuoni kadhaa waliona dalili mbaya. Mmoja wao, Kipp Davis, alikuwa ameshiriki kuvichapisha vipande hivyo mwaka 2016, na mwaka uliofuata akaandika yeye mwenyewe kueleza kwa nini anashuku baadhi yake vimeghushiwa. Mwaka 2018 makumbusho yakatangaza kwamba vipande vitano havikufaulu vipimo. Mwezi Machi 2020, baada ya uchunguzi mpana zaidi, wakatangaza kwamba vyote 16 ni bandia. Ngozi ilionekana kuwa ya kale, lakini wino uliwekwa katika nyakati zetu. Ulikuwa umeingia hata ndani ya nyufa za ngozi, jambo ambalo lisingewezekana kama mwandishi angeandika ngozi ikiwa bado mpya.

Ona walivyofanya. Mwanazuoni aliitilia shaka kazi aliyoishiriki mwenyewe, na hakungoja mwingine amwumbue. Makumbusho yalilipia uchunguzi ambao matokeo yake yangeweza kuyaaibisha, kisha yakayatoa hadharani. Na imani yetu ilipungukiwa nini? Haikupungukiwa kitu. Magombo ya kweli bado yapo. Kristo hategemei wino wa mghushi ili awe Bwana. Kama imani yangu inatikisika kwa kipande cha ngozi kugunduliwa kuwa bandia, basi nilikuwa nimeitundika mahali pasipostahili.

Hapa kuna mtego unaotunasa sote. Tunaamini upesi kile kinachotupendeza, na tunakataa upesi kile kinachotuudhi. Mwenzetu wa kwanza alitaka sarafu ile iwe ya kweli kwa sababu aliona pesa. Wa tatu alitaka iwe bandia kwa sababu tayari alikuwa na neno na vijana wa boti. Mimi nilitaka iwe bandia kwa sababu utani ulikuwa mtamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaitazama sarafu.

Na yule wa nne, aliyekasirika? Nilimwona mkali kupita kiasi. Baadaye nikamwelewa. Kwa muda mrefu waandishi wengi waliandika kwamba miji ya mawe ya pwani hii ililetwa tayari na wageni kutoka ng'ambo, kana kwamba watu wa hapa walikuwa watazamaji tu. Utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba miji hiyo ilikua kutoka kwa jamii za hapa hapa, zilizofanya biashara na kuoana na watu wa bahari yote ya Hindi. Mtu aliyekua akisikia kwamba mababu zake hawakujenga kitu, akisikia tena neno "bandia" limetamkwa kwa kicheko, anasikia tusi lile lile la zamani. Hasira yake haikuthibitisha kwamba sarafu ni ya kweli. Ila ilistahili kusikilizwa kabla ya kujibiwa.

Wapo watakaoniambia: Mwandishi, upole wako utawafungulia mlango matapeli. Ni hoja nzito, na siipuuzi. Nani kati yetu hajasikia habari za rupia za Mjerumani zinazouzwa kwa mamilioni, na mtu akauza shamba ili anunue kipande cha chuma? Watu wamelia. Familia zimevunjika. Anayepiga kelele kwamba huo ni utapeli mara nyingi anapiga kelele kwa sababu ameshaumia au ameshuhudia aliyeumia.

Lakini tujiulize, tapeli hufanikiwa kwa njia gani? Hufanikiwa kwa haraka na kwa siri. Hukwambia mteja mwingine yuko njiani, hukwambia usimweleze mtu. Hukuonyesha kitu kwenye mwanga hafifu. Matusi hayamzuii. Ukimtukana atahamia kikundi kingine na kusema anaonewa wivu. Kinachomshinda ni maswali ya utulivu yanayoulizwa mbele ya watu. Kitu hiki kilipatikana wapi hasa? Nani alikuwepo? Kilikuwa pamoja na nini? Tangu siku hiyo kimepita mikononi mwa nani? Upo tayari kionwe na wataalamu wa mambo ya kale? Mtu mkweli atayajibu, au atasema kwa uwazi hajui. Tapeli atakasirika. Kwa hiyo upole ninaousema si ulegevu. Ni njia kali zaidi ya kutafuta ukweli, maana haimpi mwongo kisingizio cha kukimbia wala haimjeruhi asiye na hatia.

Maandiko yanatufundisha hivyo hivyo. Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayesema kwanza katika shauri huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Tazama vizuri: neno linaruhusu kuhoji, tena linakutegemea. Katika Yohana 7, wakuu walipokuwa wamekwisha kumhukumu Yesu mioyoni mwao, Nikodemo aliwauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua alilotenda. Hakuwa ameanza kutoa mahubiri. Aliuliza swali moja la utaratibu, na kwa hilo wakamdhihaki kwamba labda naye ametoka Galilaya. Ni kicheko kile kile tunachokitumia leo kumnyamazisha mtu, kwa kumuuliza anatoka wapi badala ya kulijibu swali lake.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Hakusema waamini yote, na hakusema wayakatae yote. Yakobo akataka tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Mungu anakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, zito na jepesi. Nilipokuwa mtoto nilidhani amri hiyo ni ya wauza nafaka. Siku hizi naona ni ya kila anayetoa maoni. Tunalo jiwe jepesi kwa kitu alicholeta rafiki, na jiwe zito kwa kitu alicholeta kijana wa boti.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo machache, nami nimeanza kujifunza kuyatenda. Tusome alichoandika mtu mpaka mwisho kabla ya kujibu. Tukitilie shaka kitu, na kama tuna sababu tuiseme wazi: wino, uzito, kutu, mahali kilipopatikana. Neno "bandia" peke yake si sababu. Tuseme pia kiasi cha uhakika wetu, maana kati ya "ni kweli" na "ni uongo" kuna uwanja mpana unaoitwa "bado sijui", na si aibu kwa Mkristo kusimama hapo. Kama tuna wasiwasi na mtu mwenyewe, tumwendee faraghani kwanza, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Na tukikosea hadharani, tutubu hadharani. Kuomba radhi pembeni kwa kosa la mbele ya watu ni kulipa deni la noti kwa sarafu ndogo.

Nilimfuata kijana yule asubuhi ya siku yangu ya mwisho. Nilimkuta ufukweni anafunga injini ya boti, akiwa na mzee mmoja mvuvi, Mwislamu, ambaye nimeambiwa ndiye aliyemfundisha bahari. Aliniamkia kama kawaida. "Shikamoo, baba." Niliitikia, nikakosa pa kuanzia. Mwisho nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa maneno niliyoandika, na kwamba sikuwa nimelisoma swali lake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilitaka kujua tu, baba. Nilidhani nyinyi mmesoma."

Neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nikamuuliza sarafu iko wapi. Akasema siku ya pili yake mzee alimshauri, wakaenda pamoja kuikabidhi kwa wahusika wa mambo ya kale, na wakawaonyesha mahali palepale alipoiona. Yaani wakati sisi tuliosoma tunabishana na kucheka, mvuvi na mwanafunzi wake walikuwa wamefanya yote yaliyotakiwa. Mzee akaongeza kwa upole kwamba kitu cha baharini huulizwa bahari kwanza, hakiulizwi soko. Sikuwa na la kujibu.

Je, ilikuwa sarafu ya Kilwa kweli? Msomaji wangu, bado hatujapata jibu. Huenda ni ya karne ya 14. Huenda ni kitufe cha shaba cha koti la baharia. Huenda wa pili katika kikundi chetu alikuwa sahihi, ni bati lililopakwa dawa na kutupwa. Mimi nitakubali lolote litakalosemwa na wenye ujuzi. Ila jambo moja halisubiri vipimo. Hata kama itathibitika kuwa bandia, kicheko changu hakitakuwa sahihi kwa sababu hiyo. Kijana aliuliza kwa uaminifu, akakabidhi kwa uaminifu. Uaminifu huo hautegemei umri wa shaba.

Jioni ile niliandika kwenye kikundi. Nilinakili swali lake la kwanza ili kila mtu alisome, nikasema nilikosea, nikaeleza alichofanya na sarafu ile. Wachache walijibu. Yule wa tatu, aliyewaita vijana wa boti matapeli, aliandika maneno mawili tu: "Hata mimi." Nimesikia kwamba kijana amerudi kanisani na hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kwenye kikundi hajarudi, na simlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki hii, mpendwa msomaji, huenda ikakufikia picha ya kitu kinachosemwa kuwa cha kale. Kabla hujaandika, tazama kama chini yake kuna swali ambalo hakuna aliyelisoma.